Mama Aliyemkalisha Mwanawe

Siku Miguu alipopewa kiti ofisini, mama yake alifagia mbele ya mlango mara mbili, asubuhi na jioni, ili wapita njia wamkute nje wamuulize kulikoni. Na kwa kuwa walimjua, walimuuliza.

"Mwanangu ameingia ofisini," aliwajibu, akiegemea ufagio. "Kuchapa lami basi. Sasa ni kiti, meza, na feni juu ya kichwa."

Miguu alikuwa msoma mita wa shirika la maji. Miaka kumi na miwili alikwenda nyumba kwa nyumba, anafunua kifuniko cha chuma, anafuta kioo cha mita kwa kitambaa, anaandika tarakimu kwenye daftari, anafunika, anahamia mlango unaofuata. Mita mia na hamsini kwa siku, jua likiwaka au mvua ikinyesha. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima ulimwita Miguu, na mama yake, apende asipende, akawa Mama Miguu. Hakupenda. "Nimezaa mtu," alikuwa akisema, "sikuzaa miguu ya meza."

Shirika likaleta mita mpya zinazotuma tarakimu zenyewe ofisini. Wasoma mita wakapewa barua za kuagwa, isipokuwa Miguu, aliyesifiwa kwa mwandiko na uvumilivu. Yeye akawekwa kwenye dirisha la malalamiko.

"Kiti chenyewe kina magurudumu," aliwaambia mkewe na mama yake wakila chakula cha jioni, "lakini hakiendi popote."

Mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani hapo hapo barazani, alicheka hadi akapaliwa. Mama hakucheka.

"Usikufuru. Wenzako wamerudishwa nyumbani mikono mitupu."

"Sijakufuru, mama. Nasema tu."

"Basi usiseme."

Watu hawaendi kwenye dirisha la malalamiko kusalimia. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, Miguu alikaa nyuma ya kioo chenye tundu dogo, na kila aliyefika aliinama kwenye tundu lile akamwaga hasira zake. Huyu bili imepanda na yeye alikuwa safarini. Yule maji yamekatwa na ana mgonjwa. Mwingine hana shida yoyote, amegombana na mkewe tu, akaona bora aje kugombana na shirika.

Zamani mtu akimfokea nyumbani kwake, Miguu alimfunulia mita akamwonyesha, wakabishana kidogo, kisha akaenda zake. Akifika mlango wa tatu au wa nne hasira ile ilishamtoka pamoja na jasho. Sasa hakukuwa na mlango wa tatu. Neno aliloambiwa saa mbili alikuwa bado amekaa nalo saa kumi, na akarudi nalo nyumbani.

Baada ya wiki sita shingo ilimkaza kama kamba mbichi. Usingizi ukamkimbia. Siku moja bintiye wa miaka sita alimwaga chai, na Miguu, ambaye hakuwahi kumpandishia mtoto sauti, alimkaripia hadi mtoto akajificha nyuma ya cherehani.

"Una nini, mume wangu?" mkewe alimuuliza, kwa namna ya wake wanaoogopa jibu. "Zamani ulikuwa ukigusa mto tu, unakoroma."

"Zamani nilikuwa nachoka."

"Na sasa huchoki?"

"Nachoka, ila mwili haujui kama umechoka. Kichwa kinachoka peke yake."

Kisha asubuhi moja, hakumwambia mtu, Miguu aliamka alfajiri akavaa viatu vyake vya kazi ya zamani akatoka. Akapita njia ile ile aliyoizoea, kilima cha shule, uchochoro wa maseremala, barabara ya nyumba zenye mageti, akazunguka hadi nyuma ya soko, akarudi. Mwendo wa saa moja na nusu. Akaoga, akanywa chai, akaenda kukaa kwenye kiti chake.

Kesho yake akaenda tena. Wiki ya pili haijaisha, alikuwa akilala kama mtu aliyepigwa rungu. Matusi ya dirishani yalikuwa yale yale, lakini alirudi nayo akiyasimulia kwa kuigiza sauti, na nyumba nzima ikacheka, mpaka na mama yake. Mtoto akarudi kumkalia mapajani. Mkewe alimwandalia maji ya kuoga kila alfajiri na kumwekea taulo kwenye kamba, akiomba moyoni jambo lisibadilike.

Mtaani kwao alikuwepo jirani mmoja aliyeitwa Gazeti, kwa sababu habari ikifika kwake asubuhi, jioni mtaa wote umeisoma. Alikuja siku ya Jumamosi, akavuta kigoda, akaketi karibu na beseni ambamo Mama Miguu alikuwa akifua.

"Mimi sipendi maneno," akasema. Ndivyo alivyoanza maneno yake yote.

"Sema tu, shoga yangu."

"Mwanao yupo kazini bado?"

Mama Miguu aliacha kufikicha. "Kwa nini asiwepo?"

"Hapana, nauliza tu. Maana mtu kamwona alfajiri, barabara ya mageti, kainama uani kwa watu, anafunua kifuniko cha mita. Hana sare, hana daftari, hana kitambulisho. Mlinzi kamuuliza, 'Unatafuta nini?' Eti kajibu, 'Naangalia tu kama wazima.' Mita, Mama Miguu! Zinaulizwa hali!"

"Huyo si mwanangu."

"Ningependa asiwe yeye. Lakini wanasema amefukuzwa, anaona aibu kusema, ndio anazunguka. Wengine wanasema..." Gazeti akazungusha kidole karibu na sikio. "Mimi nimewakemea. Nimewaambia, yule mama amehangaika na yule mtoto, msimseme."

Kutetewa kule kulimuuma Mama Miguu kuliko kusemwa kwenyewe. Alijua hadi ifike jioni atakuwa ametetewa mtaa mzima. Na Miguu alikuwa kweli amefunua mita ile. Alipita pale, mkono wake ukafunua kabla hajaukataza, kama mtu anayepita kwa rafiki wa zamani akagonga mlango. Basi.

Mama hakusubiri. Mwanawe alipoketi tu kula, alianza.

"Asubuhi unakwenda wapi?"

"Natembea, mama."

"Unatembea kwenda wapi?"

"Natembea tu. Narudi."

"Mtu mzima, baba wa mtoto, anatembea haendi popote. Unajua wanavyosema? Wanasema umefukuzwa kazi. Wanasema umerukwa na akili. Mimi leo nimesutwa nikiwa na povu mikononi!"

Mkewe Miguu akajitosa. "Mama, akitembea analala. Hata hasira zimepungua. Mimi nimeona..."

"Nazungumza na mwanangu."

"Ndiyo mama, lakini..."

"Wewe unataka mume wa njiani? Mimi nimefua nguo za watu hadi vidole vikachubuka ili huyu akae kwenye kiti. Amekipata. Sasa kila alfajiri anakikimbia kama kina kunguni." Akamgeukia mwanawe, na sauti yake ikashuka, na iliposhuka ikatisha zaidi. "Nisikilize. Ukitoka tena kuzurura, sina radhi nawe. Na maziwa yangu uliyonyonya, sijakuhalalishia."

Hakuna aliyeendelea kula. Hata mtoto, ambaye hakujua radhi ni nini, alijua kuna kitu kimevunjika.

Miguu aliosha mikono. "Sawa, mama," akasema.

Laiti angebisha. Laiti angesema, mama hapa umenionea. Lakini alikuwa mtoto msikivu tangu utotoni, na watoto wasikivu ndio tunaowaua, kwa sababu hawatuambii tunapokosea. Sisi akina mama tumepewa neno moja zito. Hatukupewa tulitumie kwa sababu jirani amekuja na kigoda chake.

Kwanza haikuonekana kitu. Alikwenda kazini, akarudi. Akaanza kurudi na kulala moja kwa moja na nguo za kazi. Halafu akawa halali, amelala tu macho yakiwa darini. Akawa anakula vijiko vitatu anasukuma sahani. Mama yake alisema ni joto. Wiki ya tatu akasema ni minyoo. Akamnunulia dawa ya minyoo.

Kioja ni kwamba mwanzoni mama alifurahi. Mwanawe yuko nyumbani, ametulia, hana habari ya kuzunguka. Alimwambia hata Gazeti: "Siku hizi katulia. Akitoka ofisini, nyumbani." Na Gazeti akajibu, "Ametulia mno, dada. Jana nimemsalimia mara mbili hajaitika."

Siku moja mtoto alimwuliza bibi yake, "Bibi, kwa nini baba ananuka?"

"Koma! Baba yako hanuki."

Lakini alikuwa ananuka. Siku nne hakuoga. Mkewe alimchotea maji yakapoa, akayapasha moto, yakapoa tena. Mwisho alimshika mkono kama mgonjwa, akamwogesha, naye akasimama tu akimwagiwa, bila kusema maji ni ya moto au ya baridi. Alipotoka humo bafuni, mkewe alimfuata mama mkwe jikoni. Nguo zake zilikuwa zimelowa kifuani.

"Mama, mwachie atembee."

"Kwani nimemfunga kamba?"

"Umemfunga. Tena kamba ingekuwa afadhali, ningeikata."

"Usinipandishie sauti kwenye nyumba hii."

"Sijapandisha. Nimekuomba." Akakaza meno. "Yule mtu siku mbili hizi haniulizi hata mtoto kala nini. Mimi naogopa, mama."

Mama Miguu aliinua kifuniko cha sufuria, akachungulia, akafunika. Hakukuwa na kitu kipya ndani ya sufuria ile. Alikuwa na hofu pia, lakini hofu yake ilikuwa na kiburi ndani yake, na kiburi kilimwambia kwamba akiondoa neno lake sasa, atakuwa amekiri kwamba ni neno lake lililofanya hivi.

Dirishani mambo yaliharibika siku ya malipo, foleni ikiwa imetoka nje hadi barabarani. Mzee mmoja alisukuma bili yake kwenye tundu akaeleza shida yake. Miguu alimtazama. Mzee akarudia. Miguu akaendelea kumtazama, mikono iko mezani, kama mtu aliyeachwa stendi baada ya gari kuondoka. "Nyie, huyu amekufa humu ndani!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na foleni ikacheka. Mwingine akagonga kioo kwa sarafu. "We bwana! Amka, tunakulipa sisi!" Machozi yakaanza kumtiririka Miguu, na hakuyafuta. Mwenye sarafu akairudisha mfukoni.

Mkuu wake wa kazi alimtoa kwa mlango wa nyuma, ili watu wasione. Hakuwa mtu mbaya. "Nenda nyumbani upumzike mwezi mmoja," akamwambia. "Ukipona urudi, tutaona." Neno hilo "tutaona" linajulikana na kila aliyewahi kuajiriwa.

Mwezi mzima wa kupumzika. Yaani mtu ambaye ugonjwa wake ni kukaa, akapewa dawa ya kukaa.

Mkewe ndiye aliyefunga cherehani siku hiyo na kusema wanakwenda hospitali. Mama akasema anakwenda naye, mkamwana abaki na mtoto. "Ni mwanangu," akasema, na kwa mara ya kwanza alilisema kama anayeomba.

Wakakaa kwenye benchi kwa muda wa saa tatu. Sista aliyewapokea alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuandika kitu mwanzoni. Aliuliza tu, na akasubiri majibu, hata yalipochelewa.

"Usingizi?"

"Hakuna."

"Chakula?"

"Nakula."

"Hali, sista," mama akadakia.

"Mama, niachie kidogo aseme mwenyewe. Kaka, zamani kilichokuwa kinakuburudisha ni nini? Mpira? Muziki?"

Miguu alifikiri kwa muda mrefu, kama anayetafuta kitu kwenye chumba cha giza. "Kutembea," akasema.

"Ulikuwa unatembea sana?"

"Kazi yangu ilikuwa kutembea. Halafu nikawa natembea asubuhi. Nilikuwa nikitembea, vitu vinapangika." Akagusa kichwa. "Humu."

"Ukaacha kwa nini?"

Mama Miguu alisubiri kushtakiwa. Miguu alimgeukia, akamtazama kidogo tu, kisha akaangalia sakafu.

"Muda tu ulikosekana," akasema.

Hata katika hali ile, ambamo hakuweza kuoga mwenyewe, bado alikuwa na nguvu ya kumsitiri mama yake. Mama angependa mwanawe amtukane.

Sista akamwomba mama atoke nje. Alikaa kwenye benchi akihesabu matofali ya ukuta na kupotea hesabu. Alipoitwa tena, mwanawe alikuwa amepelekwa kupimwa presha chumba cha pili, na sista alikuwa amevua miwani.

"Mama, nitakwambia kwa kuwa yeye ameniruhusu. Mwanao amesema kuna asubuhi haoni sababu ya kuwa hai."

Mama akageuka kuangalia mlango alikopitishwa mwanawe.

"Huu ni ugonjwa. Si uvivu, si kurogwa. Daktari ataandika vidonge, atameza kila siku, na kila wiki mnamleta hapa tuzungumze. Asiachwe peke yake nyumbani. Na atembee."

"Atembee?"

"Kila siku. Asubuhi kukiwa na mwanga. Mwili ukifanya kazi, kichwa kinapata nafuu, usingizi unarudi, hata vidonge vinasaidiwa. Si siku moja ukaacha. Ni kama kula, huli Jumatatu ukashiba mpaka Ijumaa."

"Akitembea atapona, sista?"

"Sikusema hivyo. Wapo wanaotembea na bado wanaumwa, ndio maana kuna dawa na kuna mimi. Lakini yeye kutembea kulikuwa kunamshikilia, na kukaondolewa. Kwanza tumrudishie kile kilichokuwa kinamshikilia. Mwanzoni hatataka. Ugonjwa wenyewe ndio unaokataa. Msimkaripie. Mtu aende naye, hata kama ni hatua kumi."

Njia nzima ya kurudi, mama alitaka kuliondoa neno lake, akashindwa. Walipita mlango wa Gazeti, Gazeti akauliza, "Mmetoka wapi jamani, mmependeza?" na mama akajibu, "Kutembea tu." Hapo aliona aibu ikimwaka masikioni.

Nyumbani alimvuta mkamwana kando. "Sista kasema atembee. Mtembeze wewe."

Mkamwana alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano. Hakuinua macho. "Nimemwambia jana, mama. Nimemwambia na juzi. Ananijibu, 'Mama hajaniruhusu.' Mimi neno lile sikulisema. Siwezi kulitengua."

"Wewe ni mkewe."

"Na wewe ni mama yake. Ulinikumbusha mezani."

Mama Miguu aliingia chumbani kwa mwanawe. Miguu alikuwa amelala ameelekea ukutani. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda, na kwa kuwa hakuwahi kumwomba msamaha mtu aliyemzaa mwenyewe, hakujua unaanzia wapi.

"Lile neno nimeliondoa," akasema. "Radhi zangu unazo. Maziwa ni halali yako, yote, tangu tone la kwanza. Tembea utakavyo. Nilikosea, baba."

Akasubiri. Alidhani atageuka. Alidhani atalia, au atainuka aulize viatu viko wapi.

"Sawa, mama," Miguu akasema, kwa sauti ile ile ya siku ile. Wala hakugeuka.

Neno hutoka mdomoni kwa pumzi moja. Lakini likishaingia kwa mtu, linajenga. Ukilibomoa, nyumba haijisimamishi. Inabaki vifusi.

Kesho yake alfajiri mama alikwenda mlangoni kwake, akabisha, akaingia, akamvalisha soksi. Magoti yake mwenyewe yalikuwa yamemharibikia kwa miaka mingi ya kuinamia mabeseni, na alipochuchumaa kufunga kamba za viatu aliona nyota. Wakatoka. Mwanawe alivuta miguu kama imejazwa mchanga. Walifika kwenye nguzo ya kwanza ya umeme, Miguu akasimama.

"Nimechoka, mama."

"Basi turudi."

Siku ya pili nguzo ile ile. Siku ya tatu hakutoka kabisa. Siku ya nne nguzo ya pili. Wanafunzi waliowahi shule walipita wakiwaangalia, mmoja akasema, "Angalieni, bibi anamfundisha mtu mzima kutembea!" na kundi zima likaangua kicheko. Mama Miguu alikuwa na midomo, angeweza kuwasomesha hadi wafike darasani. Alinyamaza. Ilikuwa kweli.

Gazeti naye alikuwa mlangoni, mswaki mdomoni. "Na wewe umeanza mazoezi, Mama Miguu? Au ndio unamchunga?"

"Namtembeza mwanangu," akajibu kwa sauti ya kusikika na nyumba ya tatu. "Anaumwa. Na mimi ndiye niliyemkataza kutembea akaumwa. Hiyo ndiyo habari, ichukue mbichi."

Gazeti alitoa mswaki mdomoni, akatema povu. Hakuisambaza habari ile. Labda ilikuwa haina mahali pa kuongeza chumvi.

Barua ya shirika ilikuja mwezi ulipokwisha. Dirisha lilikuwa limepata mtu mwingine. Mkamwana aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya cherehani, akaendelea kukanyaga. Akaanza kushona na sare za shule, kazi aliyokuwa akiikataa kwa ajili ya macho yake. Nyumba ikaishi kwa sindano moja.

Walifika nguzo ya tano. Wakafika kilima cha shule, ambapo mama hakuweza kupanda, akamsubiri mwanawe chini huku roho mkononi hadi alipomwona akishuka. Usingizi ulianza kurudi, muda wa saa mbili, saa tatu kwa usiku. Siku moja alimaliza sahani, na wote mezani wakajifanya hawajaona. Wiki iliyofuata akaanguka tena, siku tatu bila kunyanyuka, na sista akabadilisha vidonge. "Ndivyo inavyokwenda," akawaambia. "Msihesabu siku alizolala. Hesabuni alizoamka."

Kisha ikaja asubuhi ya mvua. Mama alibisha, akachungulia.

"Kumekucha."

"Leo hapana, mama."

Hakumlazimisha. Alishaapa kutomwamuru tena kitu chochote maishani. Alisimama kidogo, akajitanda kanga kichwani, akatoka peke yake. Kwa nini, mwenyewe hakujua. Pengine aliogopa kwamba siku moja ikipita tupu, ya pili itaifuata, na njia itasahau hatua zao. Alitembea akipitwa na maji ya mifereji, hadi kwenye kibanda cha fundi saa, na pale kwenye mteremko akateleza, akaangukia goti lile baya. Hakukuwa na mtu wa kumcheka wala wa kumwinua. Alikaa matopeni akalia kidogo, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwona, kisha akashika ukuta akainuka.

Alipofika nyumbani, Miguu alikuwa amesimama mlangoni, peku, shati la kulalia. Alimtazama mama yake kuanzia kichwani hadi kwenye tope la goti.

"Umefika wapi?" akauliza.

Ilikuwa miezi mitano hajamwuliza mtu swali. Aliulizwa yeye, akajibu sawa, akajibu hapana, akajibu nimechoka. Mkewe, aliyekuwa anachoma mahindi ya mtoto, alibaki na koleo mkononi.

"Kwa fundi saa," mama akasema.

"Na mvua hii?"

"Na mvua hii."

Miguu akatikisa kichwa, akampisha apite. Hakutoka siku hiyo. Mchana alilala tena ameelekea ukutani, na jioni hakula.

Kesho yake alitoka. Keshokutwa hakutoka. Kuna wiki hufika hadi nyuma ya soko, tena peke yake, na hurudi na jasho na kumwuliza mtoto wamefundishwa nini. Kuna wiki huishia kwenye nguzo. Mama mwenzangu unayesoma haya, usiniulize kama alipona. Hata aliyemzaa hajui. Kila alfajiri mkamwana anapotoka kwenda kuwasha jiko, yule mama hufika kwenye mlango ule, huweka mkono kwenye kitasa, na hasukumi. Kwanza hutega sikio, asikie kama humo ndani kuna mtu anapumua. Akishasikia, ndipo anabisha.